Balozi ni Mchukuzi

Katika kikao kimoja cha waheshimiwa nilichoalikwa, si kwa cheo, maana sina, bali kwa kuwa palihitajika mtu wa kufasiri maneno ya mgeni, nilimsikia msemaji mmoja akitamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri: "Ubalozi wa zama hizi ni duka la taifa, na balozi ndiye mwuzaji wake mkuu." Ukumbi ukapiga makofi. Mimi, ambaye kazi yangu siku ile ilikuwa kuyatoa maneno katika lugha hii na kuyatia katika lugha ile, niliyafasiri kama yalivyo. Mfasiri hana ruhusa ya kubishana na anayemfasiria. Ruhusa hiyo ninayo leo, katika kurasa hizi, na nitaitumia.

Nasema kwamba kauli ile ni potofu, tena upotofu wake una madhara, kwa sababu dukani anayesikilizwa ni mwenye kununua. Aliyekuja mikono mitupu huulizwa anataka nini, na akikosa jibu huombwa asizibe njia. Na watu wanaougonga mlango wa ubalozi kwa dhiki, aghlabu, ndio hao wenye mikono mitupu.

Nianze na neno lenyewe, kwani maneno ndiyo karakana yangu. Sikuyasoma chuo kikuu. Nimeyasoma katika makamusi yaliyoliwa na mchwa na katika vinywa vya watu. Neno balozi halikuota hapa. Wajuzi wa asili za maneno hulirudisha hadi Venice, dola ya wafanyabiashara iliyoweka mwakilishi wake Istanbul kwa karne nyingi, ikimwita bailo. Waturuki wakalitamka kwa ulimi wao, balyoz. Waarabu wa Ghuba wakamwita kwa jina hilo mkubwa wa Kiingereza aliyekaa kwao. Sisi watu wa mwambao tukalipokea kwa njia ya bahari, kama tulivyopokea mengi, likawa balozi. Lakini bailo nalo lina mzazi. Limetokana na neno la Kilatini baiulus, na maana yake ni mchukuzi, mtu anayebeba mzigo wa mwenziwe. Naam, hamali! Yule tunayempisha njia Darajani akisukuma gari lake huku jasho likimtiririka, ndiye babu wa neno tunalomwitia Mheshimiwa.

Na bailo yule wa Venice hakuwa muuza duka tu. Alitetea biashara ya mji wake na kuwapelekea habari wakubwa wake. Lakini alikuwa pia hakimu wa Waveneti waliokaa Istanbul, na miongoni mwa shughuli zake ilikuwamo kuhangaikia kukombolewa kwa raia wenziwe waliotiwa utumwani. Dola ile iliishi kwa biashara kama samaki anavyoishi kwa maji, na bado mlango wa balozi wake uligongwa kwa ajili ya mtumwa.

Sisi wenyewe katika Tanzania tukaliongezea neno hili maana ambayo Waveneti hawakuiota: balozi wa nyumba kumi. Najua aibu zake. Alikuwa jicho la chama mtaani, akijua hata nani ameunga kwa nazi na nani amekula kikavu. Lakini pakifa mtu usiku, pakiibiwa, mtoto akipotea, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake, na hakumtaka mtu cheti kabla ya kufungua. Alijua nani analala nyumba gani. Elimu hiyo ndogo, ya kujua nani analala wapi, ndiyo ninayoitaka kwa yule balozi mwingine mwenye gari la bendera.

Wapo watakaosema kuwa hizi ni ndoto za mshairi, na kwamba kazi za ubalozi zimepangwa na sheria ya mataifa. Na tuisome hiyo sheria. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kidiplomasia, wa mwaka 1961, unazitaja kazi hizo katika ibara yake ya 3. Ya kwanza ni kuiwakilisha nchi iliyomtuma balozi. Ya pili ni kulinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake, kwa mipaka ya sheria ya mataifa. Ya tatu ni kujadiliana na serikali ya nchi mwenyeji. Ya nne ni kuchunguza hali ya nchi hiyo kwa njia za halali na kutoa taarifa nyumbani. Ya tano ni kukuza urafiki na kuendeleza uhusiano wa uchumi, utamaduni na sayansi. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe kwa vidole. Raia yuko kidole cha pili. Uchumi uko cha tano, tena ameketi pamoja na ushairi na elimu. Sisemi kwamba mpangilio huo ni daraja za ubora. Nasema tu kwamba anayetuambia kidole cha tano ndicho mkono mzima hakuusoma mkataba, au ameusoma akatuficha.

Mkataba mwenziwe, ule wa mwaka 1963 kuhusu mabalozi wadogo, umesema wazi zaidi. Ibara ya 5 inaorodhesha kazi zao, na iliyoandikwa mwanzo kabisa ni kulinda maslahi ya nchi yao na ya raia wake. Humo humo imo kazi ya kuwapa raia pasi na hati za kusafiria, na imo ya kuwasaidia wanapokwama. Ibara ya 36 inampa raia aliyekamatwa ugenini haki ya kuambiwa kuwa anaweza kuomba ubalozi wake upewe habari, na inampa ofisa wa ubalozi haki ya kwenda kumwona gerezani. Wazee wetu waliyasema kwa maneno mawili, mjumbe hauawi, na ulimwengu ukayaandika kwa ibara nyingi: nyumba ya balozi haiingiliwi, mfuko wake wa barua haufunguliwi, yeye mwenyewe hakamatwi. Heshima yote hiyo amepewa kwa ajili ya nini? Utangulizi wa mkataba wa 1961 unajibu: si kwa faida ya mtu binafsi, ni ili kazi ifanyike. Ngao hapewi mtu ili ajipepee.

Na anayetaka kujua mlango wa ubalozi una nguvu gani, asiende mbali. Historia ya mji wetu inamtosha. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Zanzibar kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani siku mbili nyuma, akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Waingereza waliokuwa wamekwisha kuibomoa kasri kwa mizinga hawakuthubutu kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Wakaweka askari nje wamngoje. Wakangoja zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, Khalid akatia mguu chomboni bila ya kukanyaga ardhi yenye askari, akapelekwa Dar es Salaam.

Kisa hiki husimuliwa kwetu kama kioja cha wafalme. Mimi nakisoma kama hesabu. Kizingiti kile kilikuwa jiwe kama mawe mengine. Nguvu yake ilitoka kwa dola iliyoamua kwamba aliyekivuka asiguswe. Wajerumani waliamua hivyo kwa ajili ya mwana wa mfalme, tena asiye raia wao, kwa sababu zao za siasa. Swali langu ni dogo. Ikiwa kizingiti kiliweza kumkinga mwana wa mfalme dhidi ya dola iliyotawala bahari, kitashindwaje kumkinga binti wa mkulima dhidi ya mwajiri mmoja mwenye funguo za nyumba?

Nitaje jambo nililolishuhudia. Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja wa Ng'ambo, bahasha mkononi. "Maalim," akaniambia, "nisomee hii, nijue mwanangu ametiwa katika kitu gani." Ulikuwa mkataba wa kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, kurasa mbili, upande mmoja Kiarabu, upande mwingine Kiingereza, na chini yake saini ya msichana aliyesoma kwa Kiswahili. Humo alikuwa ameahidi kutoondoka kwa mwajiri kabla ya miaka 2, illa arejeshe gharama zote za kumleta. Mama akauliza gharama hizo ni kiasi gani. Haikuandikwa. Akanisikilizisha ujumbe wa sauti ambao binti yake aliurekodi chooni, bomba likiwa wazi ili maneno yafunikwe na maji. Alikuwa akiomba atolewe.

Tukaupigia simu ubalozi. Sitautaja, wala nchi sitaitaja, kwa kuwa binti yule ana staha yake na mimi simwandami mtu mmoja. Siku ya nne simu ikapokewa. Sauti ikatujibu kwa adabu kamili: "Mwambieni aje ofisini siku za kazi, kabla ya saa sita, na asisahau kuja na pasi yake." Mama aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Maalim, angekuwa na pasi na ruhusa ya kutoka, angetaka nini tena kwao?"

Sijapata kusikia hoja ya sheria ya mataifa iliyonyooka kuliko hiyo. Pasi iko kabatini mwa mwajiri. Hicho ndicho kisa chenyewe. Na anayetoa pasi, kwa mujibu wa mkataba wa 1963, ni ubalozi huo huo. Ubalozi unaomdai pasi mtu aliyenyang'anywa pasi ni kisima kinachomdai maji mwenye kiu. Binti alirudi, alhamdulillahi, lakini alirudishwa kwa mchango wa jamaa na huruma ya jirani mmoja wa kule kule. Ofisa aliyetujibu hakuwa katili. Alikuwa muuza duka aliyefuata saa za duka.

Wala kisa kile si cha peke yake. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu watumishi wa nyumbani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu ilisimulia habari za pasi zilizoshikwa, mishahara iliyozuiwa, saa za kazi zisizo mwisho na vipigo. Chanzo kinajulikana: utaratibu wa ukafili, unaoifunga ruhusa ya mtu kuishi nchini na mwajiri mmoja, na sheria ya kazi ambayo, kama ile ya Oman ya 2003, iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Palipo na sheria pungufu mtu hubaki na nchi yake tu. Nchi yake, huko aliko, ni nyumba moja yenye bendera.

Wapo walioligeuza somo hili kuwa sheria. Tarehe 17 Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani kutoka Ufilipino aliyehukumiwa kwa mauaji. Sitaingia katika hukumu ile. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba hasira za Wafilipino hazikuishia kwa Singapore. Ziligeukia nyumbani, zikiuliza ubalozi wao ulikuwa wapi. Juni ya mwaka huo huo ikatoka Sheria Namba 8042. Sheria hiyo iliamuru kwamba ulinzi na ustawi wa wafanyakazi walio ng'ambo uwe jambo la kwanza kabisa kwa balozi zao, na kwamba penye Wafilipino wapatao 20,000 ubalozi uwe na kituo cha kuwahudumia kinachofunguliwa saa 24, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Dhuluma haikwisha, na Wafilipino wangali wanadhulumiwa. Lakini mtu wao anapoukimbilia mlango usiku, sheria ya nchi yake imekwisha kusema ufunguliwe.

Msemaji wetu wa duka atanijibu kwamba kuwatetea raia kwa sauti kutawaudhi wateja. Na aitazame Meksiko. Mwaka 2003 nchi hiyo iliishitaki Marekani katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ajili ya raia wake waliohukumiwa kifo bila ya kuambiwa haki yao ya kuufikia ubalozi. Machi 2004 Mahakama ikaamua kwamba Marekani ilikuwa imeuvunja mkataba wa 1963 kwa watu 51 miongoni mwao. Hao hawakuwa malaika. Walikuwa watu waliohukumiwa kwa mauaji. Na mshitakiwa alikuwa ndiye mnunuzi mkubwa kupita wote wa bidhaa za Meksiko. Duka halikufungwa. Bidhaa ziliendelea kuvuka mpaka kama kawaida.

Nimesikia na jibu la pili, kwamba mkataba wa 1961 unamkataza balozi kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwenyeji. Kweli, ibara ya 41 yasema hivyo. Lakini mkataba mmoja hauwezi kuamuru jambo katika ibara ya 3 na kuliharamisha katika ibara ya 41. Kuuliza pasi ya raia wako iko wapi si kuingilia. Pasi ile ni mali ya dola yako.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba wengi wa mabinti hawa walikwenda kwa hiari yao, tena kwa njia za panya, bila ya kujiandikisha. Basi? Raia haachi kuwa raia kwa kutokea mlango wa nyuma. Khalid naye hakuingia ubalozi wa Wajerumani kwa kadi ya mwaliko. Na tujiulize kwa nini binti wa miaka 20 anaona bora kuulizia kazi kwa dalali kuliko kwa dola yake.

Jibu la nne lina uzito, nami nitalipa haki yake. Husemwa kwamba hata Zanzibar ilipotuma ujumbe wake mashuhuri, iliutuma pamoja na bidhaa. Ni kweli. Chombo Sultana cha Sayyid Said kilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman, na ngama yake ilijaa pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi, pamoja na zawadi kwa Rais Van Buren. Ujumbe na biashara vilisafiri chombo kimoja, na aliyevitenganisha kabisa hajui historia yetu. Wala sibezi biashara: mkulima wa karafuu wa Pemba ana haki ya kutafutiwa soko, na balozi anayemtafutia anamchukulia mzigo wake. Lakini nahodha yeyote wa mwambao huu anaijua kanuni: bahari ikichafuka hutoswa shehena, hawatoswi mabaharia. Siasa inayomtanguliza mnunuzi na kumwacha raia nje ya lango imeigeuza kanuni hiyo juu chini.

Na hapa nina neno kwa wenzangu wa lugha. Tangu UNESCO ilipoitangaza, mwaka 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, balozi zetu husherehekea. Hufunguliwa madarasa, husomwa mashairi, nami nimefurahi, kwani hii ndiyo riziki yangu na mapenzi yangu. Lakini nauliza: Kiswahili cha kumfundisha mgeni salamu kipo, kiko wapi Kiswahili cha mkataba anaotiliwa saini mwenyewe? Lugha inayokaribishwa ukumbini ikaachwa mlangoni pa mwajiri imefanywa pambo. Nimefasiri mashairi kwa miaka 30, na sijapata kufasiri ubeti ambao kosa lake lingemfungia mtu chumbani. Mkataba wa kazi ni andiko la namna hiyo, na ndilo tulilomwachia dalali.

Sitaki kuwa mlalamishi asiyejua anachokitaka. Nataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Kwanza, kila ubalozi ulio penye watumishi wetu uwe na simu inayopokewa usiku na mchana, kwa Kiswahili. Pili, mkataba wowote wa kazi za nyumbani usitiwe saini ila kwa nakala ya Kiswahili, na gharama zilizotajwa humo ziandikwe kwa tarakimu. Tatu, liwepo daftari la nani analala nyumba gani, kama lile la nyumba kumi, bila ya kumuuliza mtu alipita njia gani. Nne, anayefika bila pasi aandikiwe hati ya dharura badala ya kurudishwa alikotoka, na apewe pa kulala hadi asafiri. Tano, balozi anapotoa hesabu nyumbani, baada ya kutaja wawekezaji aliowaleta, ataje na wangapi waliugonga mlango wake mwaka ule, na wangapi walifunguliwa. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo nitakayoisoma mwanzo.

Wakisema fedha hazitoshi, nitawaamini, kisha nitawaomba wapunguze sambusa za tafrija.

Nikiitwa tena katika kikao cha waheshimiwa, nami nikasikia tena habari za duka, nitafasiri kama nilivyofasiri mwanzo, kwa uaminifu, neno kwa neno, maana hiyo ndiyo amana ya kazi yangu. Lakini nitakapofika kwenye neno balozi nitakuwa najua, hata kama ukumbi haujui, kwamba nimelitaja jina la mchukuzi. Na kwamba mzigo wake uko nje, langoni, hauna pasi, na saa sita imekaribia.